Ng' ya Ng'ombe

Kwa nini alama mbili ziliondoka Kisii zikafika ng'ambo zikiwa moja? Swali hilo lilinikaa miaka mingi, na mimi ni mtu niliyehoji hata sala ya kabla ya chakula.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Mama alifundisha sayansi katika shule ya wasichana karibu na Nyamache, na chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimetangaza masomo ya bure kwa njia ya posta. Kujiandikisha kulifanyika kwa fomu ya kwenye mtandao tu, msichana mmoja mmoja, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ile. Mama alikuja na majina thelathini na moja kwenye daftari. Kompyuta pekee tuliyoijua yenye mtandao ilikuwa mjini Kisii, nyuma ya duka la vitabu la Mhindi mmoja aliyezaliwa papo hapo na kuongea Ekegusii kunishinda; hapo ndipo nilipojifunzia kuandika programu.

Ukurasa wa fomu ulichukua dakika kumi kufunguka, na mvua ya alasiri ikianza, laini ya simu hukatika. Muda haungetosha. Nikajiuliza: kile kitufe cha kutuma kinatuma nini hasa? Nilifungua maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa nikakuta anwani moja na majina ya visanduku vya kujaza. Basi. Mengine yote yalikuwa pambo. Nikaandika programu ya mistari michache, ichukue kila jina kwenye orodha na kulipeleka moja kwa moja kwenye anwani ile, bila kufungua ukurasa wowote.

"Mwalimu," mwenye duka akamwambia Mama, "binti yako anaingia nyumba za watu bila kupitia getini."

Jibu la kwanza likarudi: limepokelewa. La pili. La tatu. Mashine nisiyoiona, katika nchi nisiyoijua, ilikuwa inaijibu programu yangu jina kwa jina, kama darasa linaloitiwa rejista. Mama naye akaanza kuitikia taratibu kila jibu: "Yupo. Yupo. Yupo."

Ishirini na saba walipita. Wanne wakarudishwa na kosa, wote wenye ng' katika majina yao.

"Nitoe hiyo alama ya juu, Mama?" nikauliza.

"Andika ngombe bila alama uone kama atatoa maziwa," Mama akajibu. "Cheti cha mtihani kina alama. Jina likitofautiana, watamkataa."

"Lakini mashine inaimeza kisha inakwama, Mama."

"Basi ipe mbili. Moja imeze, moja ibaki."

Nilicheka, kisha nikajaribu, maana matone yalikuwa yameanza kugonga mabati. Limepokelewa. Mara nne.

"Wote wapo," Mama akasema, akafunga daftari.

Barua za chuo zilipofika shuleni, kila ng' ilikuwa na alama yake moja tu.

Miaka mingi baadaye, nikifanya kazi ya kutunza orodha kama zile, ndipo nilipojua. Katika lugha ya mashine hizo, alama moja hufunga jina, yaani huiambia mashine kuwa jina limekwisha; ndiyo maana wale wanne walirudishwa. Mbili zikifuatana husomwa kama moja. Na maneno yanayokuja baada ya jina kufungwa, mashine isiyo na kinga huyatii kama amri. Ijumaa ile, kwa alama ya ng'ombe, ningeweza kufuta orodha nzima ya chuo.