Mkono Uliozoea Pap-pap

Hadi leo mashine ikinyamaza ghafla, siamini. Nasubiri. Hata friji ya nyumbani ikikata mngurumo, mwili wangu hukakamaa hadi mke wangu aniulize kama nina homa.

Woga huu niliupatia Kitale, kwenye ghala la mahindi, lakini chanzo chake kiko Bungoma. Pale mjini, juu ya duka la misumari na mabati, palikuwa na chuo cha kompyuta ambako wanafunzi walikuwa wengi kuliko kompyuta. Wenye zamu walishika kipanya, mausi kama tulivyoiita; sisi wengine tulifanya mazoezi ya kubonyeza mara mbili kwa kidole juu ya dawati, pap-pap, pap-pap, mwalimu akipita katikati yetu akitusikiliza. Ukipiga pap moja, unarudia. Karani wa lile ghala la Kitale, mama mtu mzima, alisomea hapohapo miaka mingi kabla yangu. Kufungua, kufunga, kuchapisha, kwake vyote vilikuwa pap-pap.

Mimi ndiye niliyemwandikia programu ya kuendesha mashine inayovuta mahindi kutoka chini ya tangi. Niliweka kitufe kimoja tu kwenye skrini: mashine ikiwa inafanya kazi, ukibonyeza inazimika, ikiwa imezimika, ukibonyeza inawaka. Nilijiona mjanja sana. Mota yenyewe haiamki papo hapo. Hukaa kimya kidogo, kisha ndiyo huanza kunguruma.

Siku hiyo mahindi mabichi yalikuwa yameganda ukutani ndani ya tangi na kufunika kifaa changu cha kupima kiasi cha mahindi. Nikapanda ngazi hadi mlango wa juu, nikaita kuelekea dirisha la ofisi, "Mama, zima!"

"Sawa, injinia!"

Mngurumo ukakatika. Nikashuka ndani, nikasimama juu ya mahindi bila kamba, ati ni kazi ndogo. Kisha mota ikaamka.

Mahindi yalianza kuondoka chini ya miguu yangu. Yalikuwa magotini kabla sijajua kwamba ninazama. Nikapiga mayowe. Mpakiaji wa magunia aliyekuwa mlangoni juu yangu akapaza sauti, "Mama, zima! Mtu yuko ndani!"

Kimya. Nikavuta mguu, haukutoka. Nikavuta mwingine, nao ulikuwa umebanwa. Na mota ikaamka tena.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa huko kuliniogopesha kuliko mahindi yenyewe. Alikuwa anazima na kuwasha kwa mpigo uleule. Kadiri nilivyomlilia azime, ndivyo alivyoniwashia. Nilimsikia kule dirishani akilia pia, "Nimebonyeza mala mbiri, injinia! Hii kitu inakataa!" Kimya kingine. Mngurumo mwingine. Mahindi yakafika kiunoni, halafu tumboni. Niliwawaza watoto wangu, na kwa hasira ya kijinga nikamwaza yule mwalimu wa Bungoma.

Nikamwinulia mpakiaji kidole kimoja. "Mwambie apige pap moja! Moja, halafu asiguse!"

"Mama! Pap moja tu! Usirudie, bana!"

Mngurumo ukakatika. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kimya kile, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vimenidanganya. Nilimwona mpakiaji amefumba macho. Nilisali kwa maneno yasiyo na mpangilio, kifua kikipanda na kushuka juu ya mahindi. Vumbi likatulia. Hakuna kilichonguruma.

Walinifunga kamba kwapani, wakanichimbua kwa madebe na mikono. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaenda ofisini nikishikilia ukuta. Nilitaka kumgombeza yule mama na nilitaka kumkumbatia, sikujua kipi kitangulie.

Nilimkuta angali mbele ya skrini, jasho likimtiririka, bega moja limeinama. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia.

"Mama, nimetoka," nikamwambia. "Unaweza kuinuka sasa."

Hakuinuka. Alinitazama kwa macho mekundu.

"Chomoa hiyo mausi kwanza, injinia," akasema. "Huu mkono siuamini."