Pikipiki Iliyolala Sebuleni

Yeremia alikuwa Bwana Afya, na nyumbani kwake karibu na Bumbuli pikipiki ya serikali ililala sebuleni. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa ile miaka ambayo petroli ilitoka kwa kibali, na kibali chenyewe kilitoka kwa kusota, kwa hiyo chombo kilichoachwa nje usiku kilikutwa asubuhi kimefyonzwa kwa mpira mpaka tone la mwisho. Kwenye mikutano ya kijiji watu waliwalaani mabepari wa mbali. Aliyemaliza petroli ya Yeremia alikaa nyumba ya tatu, na Jumapili waliimba naye kwaya moja.

Mkewe, Dorkasi, alivumilia yote isipokuwa harufu. Kule juu milimani, kwa baridi, nyumba haikai bila moto, na mvuke wa petroli ulipenya kwenye kile kitundu kidogo cha kifuniko cha tanki ukafika mpaka jikoni. "Baba Yunis, siku moja tutaungua humu na watoto," alisema, na alisema kweli. Dawa wakaipata wenyewe: kijipande cha sabuni ya mche, kilichokandwa kwa kidole na kushindiliwa kwenye kitundu. Petroli haiyeyushi sabuni. Kila jioni Dorkasi aliziba, kila asubuhi Yeremia alizibua kwa sindano. Sabuni nayo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, lakini kwa hilo mama wa watu hakuwa mchoyo.

Kazi ya Yeremia ilikuwa kuchanja watoto wa milimani. Aliianza kwa miguu, kijana mwembamba mwenye chupa nene ya barafu ya kutunzia chanjo kichwani, akikata mabonde kwa njia za mkato. Walipompa pikipiki alishukuru kama watu wote. Miaka ilivyokwenda mgongo ukachakaa pamoja na matairi, na shukrani nazo zikapungua. Kwa kweli alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa kulala usingizi ukaisha.

Kijiji kilichomkaa rohoni ni Kwemitunda, juu ya mashamba ya chai ya Mponde. Wakati wa masika aliwaahidi kuja na chanjo ya surua, akakosa petroli, hakwenda. Surua haikuhitaji kibali. Ilipita nyumba kwa nyumba, na kati ya watoto waliozikwa alikuwamo wa kwanza wa Elieshi, mwanamke kijana wa pale kijijini. Sasa alikuwa na mwingine mgongoni. Yeremia aliambiwa habari hiyo gulioni, katikati ya watu wanaochagua kabichi, na kabichi aliyoishika akairudisha chini.

Siku alipopata petroli tena aliondoka alfajiri, mwili mzito, chai hakumaliza. Barafu ilikuwa mpya, chupa aliifunga nyuma kwa kamba ya mpira. Ilikuwa siku ya gulio, lakini akina mama wa Kwemitunda walikuwa wamepeleka habari kwamba hawatakwenda kuuza, watamngoja.

Pikipiki ilishuka bonde vizuri. Ilipoanza kupanda ikakohoa, ikakosa nguvu, ikazima.

Yeremia hakushtuka, alikuwa ameshazoea. Alifungua plagi, akaikuta kavu. Kumbe moto upo, petroli ndiyo haifiki. Alifungua kifuniko akachungulia tanki: petroli imo. Akachomoa mpira unaoshuka kwenye kabureta, petroli ikamwagika vizuri. Takataka ilikuwa kwenye mpira, alijiambia, imetoka. Akarudishia kila kitu, akapiga kiki, ikawaka, akaenda.

Haikwenda mbali. Kwenye kona ya pili ya mashamba ya chai ikazima vilevile, kwa kikohozi kilekile. Safari hii alishusha bakuli la kabureta, akakuta maji kidogo na mchanga, akafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Alipuliza vitundu kwa mdomo mpaka ulimi ukawaka kwa petroli. Akafungua tena tanki kuona kimebaki kiasi gani, akafunga. Ikawaka. Wachumaji wa chai walimpungia mikono, naye akawapungia kwa majivuno ya fundi.

Ikazima.

Jua lilikuwa limeshapanda. Alisukuma, akapumzika, akachungulia tanki, akafungua koki na kuisafisha, ikawaka, ikazima. Kila mara ilikubali, na hicho ndicho kilichomuumiza, kwa sababu kitu kilichokufa kabisa angekiacha pale akaenda kwa miguu. Hiki kilimpa matumaini ya kumtosha kufika kona inayofuata. Alipotikisa chupa, barafu iligonga kidogo tu. Nyingine ilikuwa maji.

Mchana ukageuka. Alikaa chini kwenye majani, akachomoa mpira tena, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, ila hakuwa na nguvu ya kuinuka kuchungulia tanki. Petroli ikatoka, ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Tanki lilikuwa na petroli, na petroli haishuki. Akainuka taratibu akafungua kifuniko. Tanki likavuta pumzi ndefu, na petroli ikatoka kwenye mpira ikamwagika juu ya viatu vyake.

Hapo alijua. Akageuza kifuniko, akaiona sabuni ya Dorkasi, imekauka na alama ya kidole chake juu. Tanki lisiloingiza hewa haliachii petroli, na siku nzima ni mkono wake mwenyewe uliolipa hewa kila alipochungulia. Hakumkasirikia mkewe. Dorkasi alikuwa amefanya sehemu yake. Akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, mahali inapokaa siku zote, akazibua, na macho yakamjaa machozi, mtu mzima, katikati ya chai ya watu.

Alifika Kwemitunda alasiri bila pikipiki kuzima hata mara moja. Akina mama walikuwa bado wamekaa nje ya ofisi ya kijiji, watoto wamelala mapajani.

"Shikamoo, Bwana Afya," alisema Elieshi.

"Marahaba."

Alifungua chupa, akatia kidole. Maji yalikuwa vuguvugu. Mwenyekiti wa kijiji, Rubeni, naye alitia kidole, akamvuta pembeni.

"Ndugu Yeremia, wachanje tu. Wamekaa toka asubuhi. Nani atajua?"

Yeremia alilifikiria. Alilifikiria kweli, maana uchovu hushauri vibaya. Kisha akarudi mbele ya akina mama.

"Dawa imeharibika njiani," alisema. "Barafu imeyeyuka. Nikiwachanja sasa nitawadanganya, na surua haidanganyiki. Kosa ni langu."

Akina mama waliinuka. Walianza kufunga watoto migongoni. Elieshi peke yake alibaki amesimama.

"Utakuja lini?"

"Kesho kutwa."

"Na petroli?"

"Imebaki ya kurudia tu. Nitakuja kwa miguu."

Elieshi alimtazama viatu, akamtazama mvi.

Kesho kutwa pikipiki ilibaki sebuleni. Yeremia alitoka na jogoo wa kwanza, chupa kichwani imefungwa blanketi lililoloweshwa, akakata bonde kwa zile njia za ujanani, ambazo zilikuwa zimeongezeka mwinuko tangu azipite mara ya mwisho. Magoti yalimsema njia nzima. Alifika kabla jua halijakausha umande, akatua mzigo mbele ya ofisi, akakosa pumzi ya kusalimia.

Walikuja wachache. Wengine walikuwa wamechoka kungoja, na hakuwalaumu. Wa kwanza alikuwa Elieshi. Hakumtoa mtoto mgongoni. Aliichukua ile chupa kwa mikono miwili, akaitikisa karibu na sikio lake, akasikiliza.

Barafu iligonga.

"Hongea," alisema, ndiyo ahsante ya Kishambaa, kisha akamfungua mtoto na kumkunja shati begani.