Alama ya Ndovu

Mume wangu aliposimama kugombea udiwani upande wetu wa Voi, chama kilikuwa kimoja tu, kwa hivyo wagombea walitofautishwa kwa alama. Ofisini kwa DO, yule afisa wa tarafa, kila mmoja alitia mkono ndani ya kofia akatoa kikaratasi. Mpinzani wake alipata jembe. Mume wangu akapata ndovu.

Nilicheka, halafu nikataka kulia. Wiki ile ile ndovu walikuwa wametoka mbugani wakamaliza mahindi ya mama mkwe hadi bua la mwisho. Na mume wangu alikuwa ameacha ualimu kwa ajili ya kiti hicho, huku tuna watoto wanne wa kulisha.

Mkutanoni alipaza sauti: "Ndovu hashindwi na mkonga wake!"

Mama mmoja akamjibu, "Wala hashindwi na mahindi yangu!"

Watu walivunjika mbavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa wa kwanza.

Siku ya kura nilikaa ndani kama wakala wake. Tulikuwa tumekula kiapo kwamba tutakayoyasikia mle hayatatoka nje. Mama mkwe hakujua kusoma, na wasiojua kusoma walimtajia karani chaguo lao mbele yetu mawakala.

"Mpe mwanangu," akasema.

Karani akamwonyesha picha. "Huyu ndovu, mama?"

"Huyo? Huyo simpi hata maji!"

"Lakini mama, ndovu ndiye mwanao."

Mama mkwe akakaza leso yake kiunoni. "Mimi sikuzaa ndovu. Weka jembe. Hilo halijawahi kunilia mahindi."

Karani akaweka alama kwenye jembe. Mimi na wakala wa jembe tulitazamana, tukauma midomo.

Jembe lilishinda kwa kura moja. Mama mkwe aliposikia mwanawe ameshindwa alilia kwa uchungu wa kweli, akawaka: "Wamemnyima mwanangu! Majirani gani hawa, hawana haya?"

Mume wangu aliomba kurudi darasani, akapokewa, na watoto hawakulala njaa. Siku hizi anawasimulia wageni kisa hicho kwa raha zake, na kila mara anakimaliza vile vile: "Nilishindwa, sawa, lakini mama yangu hakuniangusha."

Kiapo ni kiapo. Mimi humwongezea chai.