Maneno ya Kuwaambia Wakubwa

Mama alipoanza kukohoa na kukonda, aliacha kwenda shambani, na kazi yake ikawa sisi wawili, mimi na ndugu yangu mdogo. Jioni, baba akiwa bado kwenye kiwanda cha kahawa alikofanya kazi, mama aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, blanketi mabegani, akatutuma hadi kwenye ua ili turudi kama wageni.

"Leo mimi ni shangazi yenu," alisema. "Pigeni hodi."

Tulipiga hodi, tukamsalimu, tukangoja kuambiwa tuketi. Alitufundisha kutomkatiza anayeongea na kushukuru kabla ya kuonja chakula. Lakini alichokazania zaidi ni namna ya kutokubaliana na mkubwa. "Usinune, wala usipaze sauti. Sema, 'Naomba nieleze.' Mtu mwenye utu atakusikiliza."

Ndugu yangu hakuwa ameanza shule. "Na nikiwa na njaa?" aliuliza.

"Sema, 'Shangazi, naomba chakula.'"

"Akikataa?"

Mama alikohoa kwa muda mrefu. Mimi nikamwuliza mbona tunajifunza kuwa wageni na hatuendi popote. Alinitazama, kisha akasema moto unazimika, niongeze kuni.

Alifia hospitalini Nkubu, majira ya mvua ndefu. Njia ya kwetu ilikuwa tope tupu, kwa hivyo jeneza lilibebwa mabegani kutoka barabarani.

Baada ya mazishi jamaa walikusanyika sebuleni kwetu. Baba alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini, sasa nani angetulea? Dada yake, aliyeolewa Nkubu, alisema atanichukua mimi kwa kuwa nimefika umri wa kusaidia kazi. Mjomba, kaka ya mama, karani mjini Embu, alisema atamchukua yule mdogo. Tulikuwa papo hapo, tumeketi kwenye gunia karibu na mlango.

Nilingoja mjomba amalize kusema. Kisha nikasimama.

"Baba, shangazi, mjomba, naomba nieleze."

Wote wakanigeukia.

"Tunashukuru kwa kutufikiria. Lakini tunaomba msitutenganishe. Huyu hulala akiwa ameshika nguo yangu. Twende sote kwa mmoja wenu, au tubaki na baba. Nitapika mimi."

Shangazi alishika kifua. "Jamani, sikieni mtoto anavyoongea!"

Mjomba alitikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Dada yangu alilea. Watoto wengine wangepiga kelele hapa."

Mama mmoja wa kanisa akasema mtoto mwenye adabu kama hiyo hata yeye angemkaribisha kwake. Walinisifu hadi chai ikaletwa. Halafu mjomba akauliza kama nguo za ndugu yangu zimekauka, maana alitaka kuondoka kabla mvua haijaanza.

Mimi bado nilikuwa nimesimama. Nilimtazama baba. Yeye alitazama kikombe chake.

Ndugu yangu hakulia. Alimsalimu mjomba, akamshukuru, tukatembea naye hadi barabarani, akapanda gari. Nilitamani apige mayowe, ang'ang'anie mlango, ang'ate mtu mkono. Alikaa tu pale dirishani, magoti yamebanana, na gari likateremka.

Alikulia Embu, nami nikakulia kwa shangazi. Tulionana Krismasi, si kila mwaka. Baada ya muda Kimeru chake kilijaa Kiembu, na alinipa mkono kama anavyompa jirani, akaniuliza habari za masomo. Hatukuwahi kugombana. Sikumjua vya kutosha kugombana naye.

Baba hakuoa tena. Nilipokuwa mtu mzima nilimtembelea, tukawa tunachambua maharagwe uani, nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema neno lolote.

Alitoa kokoto moja, akaitupa kando. "Wewe ulisema vizuri sana," akaniambia. "Nilifikiri ukishasema hivyo, watakubali."

Akapuliza makapi kwenye kiganja chake, akaendelea kuchambua.