Kistari cha Wodi ya Wazazi

Katika wodi ya wazazi kulikuwa na mkunga ambaye watu wote, kuanzia daktari mkuu mpaka mlinzi wa getini, walimwita Sista Kistari. Jina hilo alipewa na karani wa masjala, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiofungwa na chochote. Karani ndiye aliyepokea fomu za watoto waliozaliwa. Kila fomu iliyotoka kwa mkunga huyu ilikuwa imejazwa barabara: jinsia, uzito, saa ya kuzaliwa, jina la mama. Safu moja tu ndiyo iliyobaki tupu. Palipoandikwa "Dini ya mtoto" alichora kistari kifupi, akaipita.

Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na tisa.

"Sista," karani alimwambia siku moja, "vistari vyako nikiviunga vitafika mpaka nyumbani kwangu."

"Viunge tu. Mimi nimewapokea kwa mikono hii. Wapo waliotoka na nywele, yupo aliyetoka na jino, na mmoja alitoka amekunja ngumi kama anadai haki yake. Aliyetoka na dini bado sijamwona."

"Kwa hiyo wote wanazaliwa wakana Mungu?"

"Nimesema hivyo mimi?"

"Asiyeamini si ndiye mkana Mungu? Basi hata kigoda hiki nilichokikalia hakiamini kitu. Nacho nikiandikie fomu?"

Mkunga alicheka, akaenda zake. Lakini swali la kigoda likamkera siku nzima kama mchanga ndani ya kiatu.

Tusimfiche, maana mwenyewe alijificha vya kutosha. Sista Kistari hakuwa mwamini. Aliacha kuamini akiwa na miaka ishirini na mbili. Hakuna aliyemuudhi wala msiba uliomkuta. Alifikiri tu, kidogo kidogo, mpaka siku moja akakuta hakuna kilichobaki. Aliishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini asiyekosa ibada hata akiwa na homa. Kila siku ya ibada mkunga alimsindikiza mpaka mlango wa nyumba ya ibada, akampa mkoba wake, akasema, "Nina zamu, mama." Kweli alikuwa na zamu. Aliiomba mwenyewe, na wenzake wakamsifu kwa moyo wa kujitolea. Hata katika fomu yake ya utumishi, penye dini, alichora kistari kilekile. Alijibanza humo katikati ya vichanga, na hakuna aliyemwona.

Sasa sikiliza yaliyomtoa.

Katika wodi ile, mtoto alifungwa kitambaa mguuni chenye namba ya kitanda cha mama yake. Asubuhi moja walijifungua wanawake wawili, wa kitanda cha nne na cha tano. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, wa pili wa kike. Mkunga alipowapeleka watoto kupimwa uzito, huku nyuma yule mama wa kitanda cha nne akalalamika kwamba jua la dirishani linamchoma. Mwenzake akasema yeye anasikia baridi. Wakabadilishana vitanda wenyewe kwa wenyewe, bila kumwambia mtu, wakalala usingizi wa waliotoka vitani. Mkunga akarudi, akasoma vitambaa, akamlaza wa nne kitanda cha nne na wa tano kitanda cha tano. Kazi safi kabisa, na makosa matupu.

Wakaja mabibi. Huyu alikuwa wa dini moja, yule wa nyingine. Kila mmoja akaenda kwa binti yake, akabeba kichanga kilicholazwa pembeni, akakiombea kwa machozi ya furaha na kukikabidhi kwa Mungu kwa njia anayoijua yeye. Nusu saa nzima. Mmoja wa watoto alipiga mwayo, mwingine akalala. Ndipo mama mmoja akaamka, akamfungua mwanawe ambadilishe nguo, akapiga yowe. Alizaa mwanamume, na hapa palikuwa na binti.

Mambo yalinyooshwa kwa dakika mbili. Vitambaa vilikuwepo, fomu zilikuwepo, na hakuna aliyeumia. Mama wawili walikuwa wa kwanza kucheka. Lakini bibi mmoja alishika kiuno.

"Mjukuu wangu kaombewa dini ya watu!"

Hapo mkunga angesema pole na yakaisha. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Mbona yeye hakukataa, bibi? Angekuwa na dini si angekataa?"

Kesho yake barua ya malalamiko ilikuwa mezani kwa daktari mkuu.

Ofisini walikuwa watatu: daktari mkuu, aliyekuwa na usingizi na hakupenda ugomvi, matroni, aliyekuwa macho na aliupenda, na mkunga, amesimama na sare yake iliyopigwa pasi. Karani aliitwa alete mafaili, akasahau kuondoka.

"Daktari, tazama," matroni alisema huku akifunua fomu moja baada ya nyingine. "Kistari. Kistari. Kistari. Kwa miaka ishirini na tisa amewaandika watoto wa watu kuwa wakana Mungu."

"Sikuwaandika chochote," mkunga alisema. "Niliwaacha."

"Ni kitu kilekile."

"Si kilekile, matroni. Mtu hakani asichoulizwa. Andikeni 'dini ya wazazi', nitaijaza hata kwa wino mwekundu. Lakini ninyi mmeandika 'ya mtoto', na mtoto hajasema."

Daktari alijikuna kidevu. Ilionekana hoja imemgusa, na matroni akaona inamgusa. Akavuta faili la mwisho, la chini kabisa, akalifungua taratibu.

"Na hii? Fomu ya utumishi, ina jina lako. Kistari. Wewe nawe hujasema? Wewe nawe ni kichanga?"

Karani akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati.

"Wodini kwangu," matroni aliendelea, "asiye na dini hapokei mtoto wa mtu. Leo andika dini yako hapo, au Jumatatu unaanza kufua mashuka."

"Matroni, taratibu," daktari alisema. Akamgeukia mkunga kwa huruma. "Sista, usijipe taabu. Andika dini ya mama yako, yaishe. Ni karatasi tu."

Mkunga akaishika kalamu. Aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Aliupenda ule muda kichwa kinapotoka na wodi nzima inaposubiri kilio. Herufi chache tu, na angerudi kwa vitanda vyake. Akawakumbuka wanawake wote walioona haya kufungua miguu mbele yake, na jinsi alivyowaambia kila mara, kwa mzaha na kwa ukali: mficha uchi hazai, mwanangu. Maelfu aliwaambia. Yeye mwenyewe alikuwa amebana miguu karibu miaka thelathini.

"Karani," alisema, "kile kigoda chako."

Karani akashtuka. "Kimefanya nini?"

"Nimepata jibu. Kigoda hakiwezi kujua. Mtoto ataweza, lakini bado. Mimi nimeambiwa, nikasikiliza, nikafikiri, nikasema hapana. Sisi watatu hatuwezi kuwekwa kundi moja. Nimekosea kwa jambo moja tu, kujificha kwenye kistari cha watoto. Kistari ni chao."

Akakikata kistari chake kwa mstari, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa, za kusomeka hata bila miwani: SINA.

"Kama mnataka jina la mtu kama mimi, niiteni mkana Mungu. Hilo nitalibeba, maana mimi nimeulizwa. Watoto msiwatwishe, si hilo wala lenu."

Daktari akaivuta karatasi, akaisoma. Kisha akasaini, shingo upande, barua ya kumhamishia kwenye mashuka mpaka bodi ya hospitali itakapokaa. Mkunga alitoka na barua mkononi, kichwa kikiwa juu. Alikuwa na hasira, tena hasira nzuri.

Hakusubiri umbea umtangulie nyumbani. Alimkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda akishona kifungo, akamwambia yote bila kupunguza. Mama akaendelea kushona mpaka kifungo kikakaza.

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka ishirini na mbili."

"Na zile zamu za siku ya ibada?"

"Niliziomba mwenyewe, mama. Nisamehe kwa hilo. Kwa lile lingine siombi msamaha."

Mama akakata uzi kwa meno. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayegombeza.

"Usije ukaniambia ulizaliwa hivyo. Mimi ndiye niliyekuzaa, nilikuwepo. Ulizaliwa unalia tu. Hukuwa na changu wala hicho chako."

"Ndivyo nilivyowaambia, mama."

"Changu nilikupa, ukakirudisha."

"Nilikirudisha."

"Basi hiki ulichonacho usimsingizie mtu. Usiseme kuzaliwa, usiseme hospitali."

"Ni changu."

Mama akakunja nguo, akaiweka magotini, akailaza kwa kiganja mara mbili tatu. Iliuma, na hakuficha kwamba imeuma.

"Siku ya ibada utanipeleka kama kawaida," alisema mwisho. "Na usiniambie una zamu."

"Sina zamu tena."

"Wataanza kunong'ona tukifika. Nawajua. Wewe utanisubiri palepale mlangoni mpaka nitoke. Usijifiche nyuma ya ukuta. Simama wakuone."

"Nitasimama, mama."