Chipsi za Mtu Asiyetaka Kuhesabiwa

Nilikuwa na shahada ya takwimu, na kazi niliyoipata Nakuru mwaka 2008 ilikuwa kuzunguka kwenye meza nikiuliza watu wana chipsi ngapi. Nilipomweleza mama kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Unalipwa kuhesabu chipsi? Na kuku anahesabiwa na nani?"

Nikamweleza kwamba ni vidude vya plastiki, vya mviringo, wanavyochezea poka. Kila mchezaji anaingia na vya elfu kumi. Ukiishiwa, unaenda nyumbani. Havinunui hata soda. Vinahama tu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, mpaka mtu mmoja abaki navyo vyote.

Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa klabu moja ya wafanyabiashara, familia za Kihindi za mjini. Walikuja watu mia moja na ishirini, wengine kutoka Eldoret, Kisumu na Nairobi. Msimamizi alikuwa Singasinga mwenye duka la hardware, mtu mpole ambaye kila kitu alikipima kwa macho kabla ya kukiamini. Nilimpenda kwa hilo. Kwa amri zake sikumpenda sana.

"Usiguse chipsi za mtu," aliniambia asubuhi. "Uliza, angalia, andika kwenye ubao. Mwenyewe ndiye anajua."

"Na akidanganya, boss?"

"Adanganye kwa nini? Jumla inajulikana."

Hapo alisema kweli. Watu mia na ishirini mara elfu kumi ni milioni moja na laki mbili, na jumla hiyo haibadiliki hata wachezaji wakibaki wawili. Nilifurahia sana jambo hilo. Mwaka ule tulikuwa tumeambiwa jumla nyingi za kura ambazo hakuna aliyeweza kuzikagua. Hii ningeweza kuikagua mwenyewe.

Kuhesabu si kugumu ukizoea. Wachezaji hupanga chipsi zao kwa minara ya ishirini ishirini, kila rangi peke yake: nyeusi ni mia, zambarau ni mia tano, manjano ni elfu. Unaangalia minara, unazidisha kichwani, unamuuliza mwenyewe ili kuhakikisha, unaendelea. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alipanga zake sawasawa kabisa, ungedhani alitumia rula. Kando yake alikaa jamaa wa bima kutoka Nairobi, mwenye mdomo usiopumzika. Na kando ya huyo, kwenye kiti cha tatu, alikaa mzee mkulima kutoka upande wa Mau Narok, mwenye koti zito na kofia ya sufu.

Mzee hakupanga chochote. Chipsi zake zilikuwa rundo, rangi zote pamoja, kama mahindi yaliyomwagwa kwenye turubai, na mikono yake miwili ilikuwa imelizunguka.

"Mzee, uko na ngapi?"

"Ni chache tu."

"Chache ngapi?"

Alinitazama kidogo. "Andika ishirini."

Sikuamini. Rundo lilionekana kubwa. Lakini siamini mambo mengi, na amri ilikuwa kuuliza na kuandika. Niliandika elfu ishirini.

Wakati wa mapumziko ya chakula wachezaji walikuwa wamebaki thelathini. Nilijumlisha ubao mara mbili, kisha nikamwita msimamizi. Chipsi za elfu sitini na tatu hazikuwepo.

Uso wake ulibadilika. Kesho yake kulikuwa na meza ya mwisho, na mbinu ya kale ya wezi wa poka ni hiyo: unaficha chipsi mfukoni leo, unazirudisha kesho wakati kila moja ina uzito. Alimwambia askari wa mlangoni afunge. Kisha akatangaza kwamba hakuna atakayetoka mpaka kila mtu ahesabiwe upya, na safari hii wagawa karata ndio wangehesabu, kwa mikono yao.

Mwaka ule watu wa Nakuru hawakupenda kusikia mlango ukifungwa. Nilikuwa nakaa mtaa wa Rhonda. Katika ploti yetu vyumba vinne vilikuwa vimehamwa tangu vurugu za Januari, na tulioachwa tulisalimiana kwa adabu ambayo haikuwepo zamani. Ukumbini niliona kitu kile kile. Watu walianza kusogea polepole, kila mmoja karibu na wale aliowaelewa lugha, na wengine wakaangalia madirisha.

Meza moja baada ya nyingine ilihesabiwa na kupatikana sawa. Ilibaki ya mzee. Mgawa karata aliponyoosha mikono kuelekea lile rundo, mzee alizifunika chipsi kwa viganja.

"Hapana."

"Mzee, ni sheria," msimamizi alisema.

"Sikatai muone. Ziko hapa, angalieni. Nakataa kuhesabiwa."

"Lakini ni plastiki."

"Najua ni plastiki. Mimi si mtoto."

Jamaa wa bima akacheka. "Buda, si umwage tu mezani tuishie? Ama kuna kitu unaficha kwa hiyo koti? Watu wa huko juu mnajua sana kubeba vya wenyewe."

Kicheko chake kiliishia peke yake. Watu wawili wa meza ya dirishani, waliokuwa wakizungumza na mzee kwa lugha yake asubuhi, waliinuka. Mzee hakuinuka.

"Rudia, kijana."

"Nimesema tu."

"Ndiyo. Rudia basi."

Mama wa vitambaa alivuta kiti chake nyuma. Msimamizi alitazama saa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mapumziko yakiisha kabla chipsi hazijahesabiwa, mzee ataondolewa kwenye mashindano. Sote tulijua maana yake. Angetoka kwenye mlango ule akiwa mwizi, mbele ya watu thelathini, katika mwaka ambao neno hilo halikubaki kwa mtu mmoja. Lingewapata na wale wawili wa dirishani. Labda lingefika mpaka barabarani.

Mimi nilikasirika, tena nilimkasirikia mzee mwenyewe. Niliona ni upuuzi mtu kuhatarisha jina lake kwa sababu ya mwiko, kwamba kilichohesabiwa hupungua. Lakini mwiko huo niliujua. Bibi yangu pale Subukia hakuwahi kutamka idadi ya wajukuu wake. Karani wa sensa alipomwuliza, alimfungulia mlango akamwambia, "Ingia uwaone." Karani aliingia, akaona, akaandika alichoandika. Bibi hakuwa amehesabu mtu.

"Boss," nilisema, "tunaweza kuzipima bila kuzihesabu."

"Kwa kitu gani? Kwa mizani?"

"Kwa minara ya mama. Yake imeshahesabiwa. Mzee atenganishe rangi zake, ajenge mnara kando ya mnara wa mama mpaka itoshane kimo. Halafu mwingine. Hakuna atakayetaja nambari. Wewe utajua kwa kuangalia tu."

Msimamizi alimtazama mzee. Mzee alinitazama mimi, kwa muda uliotosha nianze kujuta.

"Nijenge mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe."

Akaanza. Vidole vyake vilikuwa vinene na havikuwa na haraka. Mnara mweusi ulipanda kando ya mweusi wa mama, ukasimama. Mwingine. Zambarau kando ya zambarau. Minara ya manjano ya mama ikaisha, na kwenye rundo bado kulikuwa na manjano nyingi.

"Sasa?" mzee akauliza.

"Tumia za huyu," msimamizi akasema, akionyesha chipsi za jamaa wa bima.

Jamaa alizisukuma mbele. Mzee akajenga kando ya hizo pia, akazimaliza, na bado akabaki na chache mkononi. Kufikia hapo hata aliyefeli hesabu shuleni aliona kwamba mtu mwenye rundo alikuwa na nyingi kuliko yeyote ukumbini. Msimamizi alisogeza midomo kimyakimya. Kisha akaja kwenye ubao, akachukua kalamu mkononi mwangu, akafuta ishirini, akaandika elfu themanini na mbili na mia tano.

Ilikosekana mia tano, zambarau moja, ambayo sijui iliko mpaka leo. Msimamizi aliamua kutoiona. Mlango ukafunguliwa, na wale wawili wakarudi dirishani.

Mzee alicheza alasiri nzima akiwa ameupa ubao mgongo. Lakini wenzake waliusoma. Asubuhi walikuwa wakimwona kama mtu anayekaribia kwisha, wakamrukia na karata dhaifu, naye akawala mmoja mmoja. Sasa walimwacha. Walisubiri karata nzuri ndipo wakaingia, na wakiingia wanaingia kwa nguvu. Rundo lilipungua. Mwishowe mama wa vitambaa alimwonyesha wafalme wawili, na kiti cha tatu kikawa kitupu kabla hajafika kwenye nafasi za zawadi.

Jamaa wa bima alisimama, akamnyooshea mkono. "Pole, mzee. Na ile ingine pia."

Mzee alishika mkono huo, akauachilia.

Nilimfuata hadi barazani. Sikuweza kujizuia.

"Mzee, niambie ukweli. Ile ilikuwa mila, ama ilikuwa mchezo?"

Alifunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine. "Wewe umesoma. Ng'ombe wangu wakiwa wengi, na jirani hajui ni wengi, hiyo ni mila ama ni akili?"

"Labda zote."

"Basi unaniuliza nini?"

Akashuka ngazi, akavuka barabara kuelekea stendi. Nilipoingia ndani msimamizi alikuwa mbele ya ubao.

"Wa kiti cha tatu?"

"Ametoka."

"Andika sifuri."

Nikaandika.