Madaftari Mawili ya Mectilda

Mectilda wa Endasak alikuwa na madaftari mawili ya matibabu, na wazo hilo halikuwa lake. Lilikuwa la mumewe, Baltazar. Daftari la malaria na mafua lilikaa mezani, kila mtu alione. La sonona lilifichwa kwenye gunia la mbegu, ukoo usije ukasema Baltazar ameoa kichaa. Miaka miwili Mectilda alimezea kidonge chake stoo kama mwizi, nyumbani kwake mwenyewe. Na kilimsaidia. Alilala, alilima, alicheka tena.

Wakati wa kuvuna maharage mgongo ukamkaza. Baltazar akampeleka zahanati kwa pikipiki na daftari la mezani. Tabibu aliuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Baltazar akawahi kujibu kwamba hakuna. Mectilda akanyamaza, na hasira ya kunyamaza kule hajaimaliza mpaka leo. Akapewa vidonge vikali vya maumivu.

Kesho yake mchana jasho lilimtoka hadi kitenge kikalowa. Aliharisha, moyo ukamwenda mbio, miguu ikawa inarukaruka yenyewe. Mama mkwe akasema ni mapepo. Baltazar alijua si mapepo, na bado akafunga mdomo. Mectilda mwenyewe, meno yakigongana, ndiye aliyemtuma jirani yake Hilda kwenye gunia la mbegu.

Zahanati, muuguzi Violeth alilisoma daftari lile, uso ukambadilika. Alisimamisha dawa zote, akamtundikia dripu, akaita gari la wagonjwa. Wakilisubiri, alimgeukia Baltazar.

"Mwilini kuna kemikali inaitwa serotonini. Kichwani inasaidia usingizi na furaha, lakini nyingi iko tumboni, inasukuma chakula. Dawa ya mke wako inaiongeza, na ile ya maumivu nayo inaiongeza. Ikizidi, mwili wote unavurugika. Sonona haikumfikisha hapa, baba. Umemfikisha wewe kwa kuficha."

Mectilda aliporudi nyumbani, wazee wa ukoo wakaleta habari kuwa wanakuja kumpa pole. Baltazar akamwomba alirudishe daftari guniani kwanza. Alimwomba hivyo bila hata aibu. Mectilda alichukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani, akayashona madaftari yote mawili yakawa moja.

Wazee walipoketi aliwaamkia shikamoo, akaliweka daftari katikati ya vikombe vya chai.

"Baltazar," alisema, "wasomee. Kwa sauti."